Lita Sabini

Si huyo, Bwana Gerard.
Kangaja wa buluu ana sura ya kalenda,
lakini huogelea kama mtu aliyechelewa treni,
na lita zako sabini atazimaliza kabla hujakaa kitini.
Atakonda. Atatoka madoa meupe.
Utakuja kunilaumu, nami pesa yako nimeshaila.

Duka langu liko Bytom, nyuma ya kituo cha tramu.
Nje theluji imeiva masizi;
ndani nauza vipande vya bahari nisiyowahi kuiona.
Yeye huja Alhamisi, huvua kofia mlangoni kama aingiaye kanisani.
Miaka thelathini na moja alichimba makaa ya mawe.
Vumbi lake halijatoka kwenye kope,
limekaa pale kama wanja.

Mwezi wa kwanza nilimuuzia chumvi:
gramu thelathini na tano kwa lita, koroga, pima, ngoja.
Mwezi wa pili nilimuuzia mawe.
"Mawe?" akasema. "Bibi Wiesława,
maisha yangu yote nimetoa mawe nikalipwa.
Leo nilipe mimi?"
Akalipa. Akayatazama wiki sita,
maji matupu, taa, mawe,
na mkewe Rozalia akiwauliza majirani
kama uzee huanza hivyo.

Leo kaleta maji yake kwenye chupa ya siki,
kaishika kwa aibu, kama apelekaye mkojo hospitali.
Sifuri, nikamwambia. Na hapa pia sifuri.
Haya, sasa tuzungumze samaki.

Huyu aliyetariziwa kijani na chungwa?
Hapana. Hula vidudu usivyoviona, na kwako havipo.
Atakufa njaa karamuni.
Hawa wadogo wa samawati, bei poa?
Rahisi ghali. Kila mmoja wao ni mwenye nyumba;
wiki haiishi, atakuwa anawatoza wenzake kodi.
Chukua hawa wawili wenye mistari myeupe,
wamezaliwa hapo nyuma, kwenye tangi langu,
wimbi hawalijui, kama wewe na mimi.
Akawatazama kwa adabu.
Hakuwataka. Ilionekana.

Kisha akainama, goti likalia,
hadi kioo cha chini kabisa, karibu na hita,
penye kisamaki cha rangi ya mchanga uliolowa,
mdomo umenuna, macho juu,
kimeketi mlangoni pa shimo.
Na ndani ya shimo kuna anayechimba.

Kamba yule, nikasema. Ni kama kipofu.
Hutoa kokoto moja, hurudi, hutoa nyingine, kutwa.
Samaki hachimbi. Samaki hulinda.
Kamba akitoka, papasi yake moja huiweka
juu ya mkia wa mwenzake, haiondoi.
Mkia ukitikisika, wote wawili wamo ndani.

Pampu ilikoroma peke yake kwa muda.
"Na siku samaki asipokuwepo?"
Kamba hatoki, nikasema.

Hakunitajia jina la mtu, wala sikumuuliza.
Alivaa kofia, akaivua tena.
"Nipe hawa. Wale wa mistari mwezi ujao,
kwa ajili ya Rozalia."

Nikawafunga kila mmoja na mfuko wake,
nikazungushia gazeti, kisha skafu yake mwenyewe,
maana nje ilikuwa nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Funika tangi, nikamwambia, huyu samaki huruka,
usije ukamkuta amekauka zuliani.
Lisha kidogo. Kidogo kuliko huruma yako.

Tramu ilichelewa.
Nilifuta mvuke dirishani nikamwona kituoni,
vifungo viwili vya koti vimefunguliwa,
mfuko mmoja kifuani kushoto, mwingine kulia,
naye akiisogeza, polepole,
mpaka ikagusana.